Mdukizi wa Chini ya Ardhi

Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!

Mmeitikia vizuri, wajukuu zangu. Ila leo uongo tuuache mlangoni, ukae pamoja na viatu. Hadithi hii ni ya kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ina mwizi ndani yake, ina usingizi wa miaka mingi, ina siri iliyosikiwa na sikio lisilohusika, na ina mtego. Hamna sungura wala fisi. Wahusika wake wakubwa ni mimea miwili, na mmoja wao hamjamwona bado kwa kuwa amelala chini ya nyayo zenu.

Njooni shambani kwanza.

Shamba letu liko magharibi mwa Kenya, si mbali na Ziwa Victoria. Lingeweza pia kuwa upande wa Mwanza, au mashariki mwa Uganda, hadithi isingebadilika. Mvua imenyesha. Ukichota udongo na kuubana kiganjani, unashikana. Mahindi ya jirani yamekwisha kukupita kimo. Ya shamba hili yanakufika magotini tu. Majani yake yana michirizi ya njano, na ncha zimekauka kama zilizobabuliwa na moto. Ukiyatazama utasema yana kiu. Lakini kiu gani hiyo, na maji haya hapa?

Sasa inameni. Hapo chini, kati ya mashina, kuna mimea midogo ya kijani yenye maua ya rangi kati ya zambarau na waridi. Mazuri, sivyo? Mtoto asiyeyajua angeyachuma akampelekea mama yake nyumbani. Mama mkulima akiyaona hatatabasamu. Atayatupa motoni.

Mmea huo ni kiduha. Waluo wanauita kayongo. Wanasayansi wanauita striga, na Waingereza wameupa jina la kutisha zaidi: gugu la mchawi. Jina hilo lina sababu yake. Mahindi huanza kudhoofika kabla kiduha hakijaonekana juu ya ardhi. Mkulima anaona shamba lake linanyauka, mvua ipo, wadudu hawaonekani, na hapana mtu aliyeligusa. Asiyejua yanayotendeka chini ya udongo atamlaumu nani?

Nasi tushuke huko chini tukaone.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kiasi kwamba kuiita punje ni kuipa sifa isiyostahili. Urefu wake ni kama theluthi moja ya milimita. Ukizimwaga kiganjani zinaonekana kama ugoro, na ukipumua vibaya zimepeperuka. Mmea mmoja tu unaweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000. Upepo huzibeba, maji ya mvua huzibeba, na huganda kwenye jembe na kwenye kwato za ng'ombe.

Udogo huo una faida na una hasara. Faida ni kwamba mbegu hufika popote. Hasara ni kwamba ndani yake hamna akiba. Pasueni punje ya hindi au ya harage: mtaona chakula cheupe kimejaa tele. Hiyo ni akiba ya safari ambayo mmea mama amemfungia mtoto wake, ale mpaka atoe majani na kujitegemea. Mbegu ya kiduha haikufungiwa chochote cha maana. Ikiota leo, chakula chake kitaisha baada ya siku chache tu. Kabla ya hapo iwe imeshika mzizi wa mmea mwingine. Isiposhika, imekufa.

Ndiyo maana haioti ovyo. Inalala. Inaweza kulala udongoni miaka kumi na zaidi ikiwa hai. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoanguka atajifunza kutembea, ataingia shule, atafika darasa la nne, na mbegu bado iko palepale, inangoja.

Inangoja nini?

Kwanza inangoja mvua na joto. Ikikaa katika udongo wenye unyevu na joto kwa wiki moja au mbili, ni kama mtu aliyezibuliwa masikio: bado hajaamka, lakini sasa anaweza kusikia. Baada ya hapo inangoja sauti. Ikikaa katika maji muda mrefu bila kuisikia, inarudi usingizini hadi msimu mwingine. Subira ya namna hiyo hata mvuvi wa ndoano hana.

Na sauti yenyewe ni ya mahindi.

Najua mtauliza, "Tangu lini mahindi yakasema?" Hayasemi kwa mdomo. Mimea husema kwa kemikali. Mzizi hudondosha tone dogo mno la kitu fulani udongoni, na kitu hicho huwa ni ujumbe kwa anayeweza kuusoma. Ujumbe wa hadithi yetu umeandikwa kwa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Jina ni refu. Ninyi mwaweza kuziita mnong'ono.

Mahindi yananong'ona kwa sababu yana njaa. Yanahitaji madini ya fosforasi, na udongo uliolimwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu huwa nayo kidogo. Lakini mahindi yana rafiki. Ndani ya udongo kuna kuvu wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya mahali ambapo mzizi haufiki. Kuvu huyo hukusanya fosforasi na kuuletea mzizi, na mzizi humlipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani juani. Ni ujirani mwema: lete chumvi, chukua unga. Basi mahindi yakizidiwa na njaa humwita rafiki kwa mnong'ono ule. Siri hiyo ilibainika mwaka 2005, wanasayansi wa Japani walipoonyesha kwamba kemikali hizo ndizo zinazomwamsha kuvu atawanye matawi yake kuelekea mzizini.

Hapo ndipo mdukizi anapoingia. Mbegu ya kiduha iko milimita chache tu kutoka mzizini. Haikuitwa. Ujumbe si wake. Lakini inausikia, na kwa kuusikia inajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba hapa jirani pana mzizi ulio hai, na upo upande gani.

Tena angalieni ukatili wa jambo hili. Kadiri udongo unavyokosa fosforasi, ndivyo mahindi yanavyonong'ona zaidi. Kwa hiyo shamba lililochoka ndilo linalomwamsha mwizi kwa nguvu zaidi. Maskini wa rutuba anaibiwa kuliko tajiri.

Mbegu imeamka. Saa inahesabu. Kijimzizi kinachomoza, chembamba kama uzi wa buibui, na kina siku chache tu za kuishi. Kinaelekea kule mnong'ono unakotokea. Kikiugusa mzizi wa mahindi, ncha yake inaacha kurefuka. Inavimba, inaota vinyweleo vinavyonata, na inageuka kuwa kiungo cha kunyonyea. Kiungo hicho kinajipenyeza katikati ya seli za mzizi hadi kwenye mirija inayopandisha maji, kisha kinajiunga nayo, kama mtu aliyetoboa bomba la kijiji usiku na kuunganisha mpira wake.

Tangu saa hiyo kiduha hakihangaiki tena. Kwa wiki kadhaa kinakaa gizani kinanyonya. Mahindi yanavuta maji na madini, kiduha kinachukua. Yanatengeneza sukari, kiduha kinachukua. Na mahindi yenyewe yanavurugika: yanapunguza kurefusha shina, na usanisinuru wake, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, unashuka. Mkulima anapoona kichwa cha kijani kinachomoza, sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutendeka. Ndio huo uchawi tulioambiwa.

Nawaona wenye macho makali mmeinua mikono. "Umesema kiduha kina majani ya kijani. Mwalimu alitufundisha kwamba jani la kijani hujitengenezea chakula. Kwa nini kiibe?"

Swali zuri kuliko majibu mengi. Ni kweli, kikishatoka juani kiduha hujitengenezea chakula kidogo. Lakini hakitoshi, wala hakiwezi kuuanza uhai wake bila mzizi wa mwenzake. Majani yake yana ujanja mwingine. Kila jani lina vitundu vidogo vya kupumulia, na mmea wenye busara huvifunga jua linapokuwa kali ili usipoteze maji. Kiduha huviacha wazi hata ukame ukiwa mkali. Maji yakitoka juu, mengine huvutwa kutoka chini, na huko chini ni kwenye mirija ya mahindi. Anayetumia maji asiyoyalipia hana haja ya kufunga bomba.

Kiumbe anayeishi kwa kunyonya kiumbe mwingine huitwa kimelea, na anayenyonywa huitwa mwenyeji. Neno "mwenyeji" ni la heshima mno kwa aliyevamiwa, lakini ndilo tulilo nalo. Vimelea hawalingani. Ipo mimea inayoiba ikipata nafasi, na ikikosa inajikaza ikaishi peke yake. Kiduha hakina njia hiyo ya pili. Kiko katika ukoo wa wale ambao bila mwenyeji hawapo kabisa. Chawa akianguka kutoka kichwani, kwa kawaida hamalizi siku mbili. Tegu anayeishi tumboni hana mdomo wala utumbo. Chakula kinapita kwenye ngozi yake, kwa kuwa anaogelea ndani ya chakula kilichokwisha kusagwa na mtu mwingine. Kimelea cha malaria hakina nyumba yake mwenyewe duniani: ni ndani ya mbu au ndani ya mtu.

Mkiwatazama hivyo, wanaonekana wameshinda maisha. Wanakula bila kulima. Lakini wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kiduha kikikosa cha nduguye hakifi maskini, kinakufa kabisa. Kwa hiyo anayetaka kukishinda hana haja ya kuwa na nguvu kukizidi. Inamtosha kujua kinategemea nini, na aanzie hapo.

Kinategemea mnong'ono. Basi tufanyeje?

Njia ya kwanza ni kunyamaza. Mahindi ni mgeni Afrika. Asili yake ni Mexico, na yamefika kwetu katika miaka hii 500 ya karibuni. Hayakukua pamoja na kiduha, kwa hiyo hayana kinga kubwa. Mtama ni mwenyeji wa siku nyingi. Ulianza kulimwa Afrika, upande wa Sudan, maelfu ya miaka iliyopita, na kiduha kimekuwa adui yake muda huo wote. Miongoni mwa aina nyingi za mtama zimo chache zilizojifunza kunong'ona kidogo sana, kiasi kwamba mbegu za kiduha hazisikii. Mwanasayansi Gebisa Ejeta, aliyezaliwa Ethiopia katika nyumba ya chumba kimoja yenye paa la nyasi, alitumia miaka mingi kuchunguza mitama hiyo na kuizalisha na mingine hadi akapata aina zinazokihimili kiduha na ukame pia. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Njia ya pili ni kudanganya. Mwaka 1966 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wamepata kemikali ya kwanza inayoiamsha mbegu ya kiduha. Waliipata wapi? Kwenye mizizi ya pamba. Na kiduha hakiwezi kuinyonya pamba! Pamba inanong'ona, mbegu inasikia, inaamka, inatoa kijimzizi chake, inafika, na inakuta mlango usiofunguka. Siku chache baadaye imekufa. Mbegu iliyovumilia miaka kumi imepotea kwa mwito wa uongo. Hapo mwizi ndiye aliyeibiwa.

Huko Marekani walikuwa na sababu ya kuharakisha. Mwaka 1956 ndugu mdogo wa kiduha chetu, yule mwenye ua jekundu, aligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya Carolina. Kati ya silaha walizotumia ni gesi ya ethilini, iliyopulizwa ndani ya udongo. Gesi hiyo mnaifahamu bila kujijua: ndiyo inayoivisha ndizi mama anapozivundika. Kwa ndizi inasema "iva". Kwa mbegu za kiduha inasema "amka". Ziliamka shamba zima, mahindi hayapo, zikafa. Baada ya miaka mingi ya kazi karibu eneo lote lilisafishwa.

Lakini nani kati ya wakulima wetu ana mashine ya kupuliza gesi ardhini? Ndipo turudi ziwani.

Mbita, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, kuna kituo cha utafiti cha icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Thomas Odhiambo. Miaka ya 1990 watafiti wa hapo, akiwamo Zeyaur Khan, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, hawakuwa wakikitafuta kiduha hata kidogo. Walikuwa wakiwawinda viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Wakapanda nyasi za nepia, yaani majani ya tembo, kuzunguka shamba ili kuwavuta nondo watage huko. Katikati ya mistari ya mahindi wakapanda desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde, ambao harufu yake huwafukuza nondo. Mbinu hiyo wakulima wanaiita vuta-sukuma.

Viwavi walipungua. Lakini watafiti wakaona jambo jingine ambalo hawakulipanga: palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilikuwa kinatoweka. Mwaka baada ya mwaka, maua yale mazuri yalizidi kuwa machache.

Walipochimba sababu, waliikuta mizizini. Desmodiamu hutoa mchanganyiko wa kemikali. Moja inaiamsha mbegu, kama mwito wa pamba. Nyingine inakizuia kijimzizi kisikue wala kisishike mzizi wa mahindi. Yaani mkono mmoja unamgongea mwizi mlango ili atoke, na mkono wa pili unamfunga miguu. Juu ya hayo, desmodiamu inaongeza naitrojeni udongoni, inafunika ardhi isikauke, na ikikatwa inakuwa majani mazuri ya ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe anatoa samadi, samadi inarudi shambani, udongo unapata rutuba, na mahindi yaliyoshiba hayana haja ya kunong'ona sana.

Je, na ninyi mna kazi hapo? Mnayo, tena ya macho. Mkikuta kiduha shambani, king'oeni kabla hakijatoa maua. Msiseme, "Kimekwisha kunyonya, kuking'oa kunasaidia nini?" Hakuyasaidii sana mahindi ya mwaka huu, lakini mbegu 50,000 zimezuiwa zisimlalie mtoto wa miaka kumi ijayo. Kikiwa tayari kina maua, kichomeni moto. Msimpe ng'ombe, kwa sababu mbegu hupita tumboni mwake zikiwa nzima na kurudi shambani ndani ya samadi. Mkitoka kwenye shamba lenye kiduha, kung'uteni udongo kwenye majembe na viatu papo hapo. Na mkimsikia baba au shangazi anapanga kupanda soya au pamba mahali palipokuwa na mahindi, sasa mnajua kwamba zaidi ya kubadilisha zao, anategesha mwito wa uongo.

Giza limeingia, na hadithi yangu inafika ukingoni. Ila kabla hamjaenda kulala, sikilizeni ardhi. Mvua ya vuli imenyesha wiki mbili sasa. Chini ya lile shamba tulilolitembelea kuna mbegu ndogo kama vumbi, iliyoanguka kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Imelowa, imepata joto, masikio yamezibuka. Usiku huu, baada ya miaka yote hiyo, inausikia mnong'ono kwa mara ya kwanza. Inavunja ganda, inanyoosha kijimzizi chake, inajikongoja gizani kumtafuta mwenyeji.

Aliyenong'ona ni desmodiamu.